Nyaga Alipobeba Ncoolo

Haya nilihadithiwa na Ednah, mke wa Kaberia, mwaka jana wakati wa kuvuna maharagwe, tumekaa barazani kwangu tukiyaambua. Ednah alikuwepo siku yalipotokea. Yeye ndiye aliyeshika themosi ya chai. Na yale ya moyoni, ambayo mtu hawezi kuyaona kwa macho, Kathure mwenyewe alimwambia jikoni baadaye. Kwa hiyo sikuongeza kitu, labda chumvi.

Ilikuwa kabla kidogo ya ule ugonjwa wa barakoa. Kathure alikuwa mjane wa Kinoti, ndugu yake Kaberia. Aliishi Embu mjini na watoto wake wawili, Bundi na Kiende, na kazi yake ilikuwa ukarani katika chama cha ushirika cha kahawa. Kinoti alipofariki, watoto wakiwa bado wadogo sana, watu walimsifu Kathure kwamba ni mwanamke jasiri. Hakugaagaa chini, hakupiga mayowe, aliandalia wageni chakula mpaka wa mwisho akaondoka. Hawakujua kwamba huo haukuwa ujasiri. Kitu kilikuwa kimezimika ndani yake, kama jiko la kuni lililomwagiwa maji. Alikula asisikie chumvi. Watu wakicheka naye alicheka, kwa kuwatazama midomo. Nyumbani kwa mume wake, kule Kangeta, hakukanyaga tena tangu mazishi, na akiulizwa alisema kazi ni nyingi.

Sasa Nyaga. Nyaga alikuwa mpima ardhi, mtu wa Manyatta, huko huko Embu, mrefu, mpole, kapera wa miaka arobaini ambaye mama yake mzazi alikuwa ameacha hata kumuuliza ataoa lini. Alikuja kupima shamba la chama. Akarudi ofisini kuuliza jambo. Akarudi tena kuuliza jambo ambalo alikuwa ameshajibiwa, na makarani wengine wakaanza kukanyagana miguu chini ya meza.

Watoto walimpenda kwa sababu ya mawe. Nyaga alipenda majengo ya kale kama wanaume wengine wanavyopenda mpira. Alijua jinsi watu wa zamani walivyopima pembe za jengo kwa kamba tu, jengo likasimama mpaka leo. Jioni moja alikunjua ramani mezani nyumbani kwa Kathure, akamwambia Bundi aweke kidole kimoja Embu na kingine Kairo. Safari ikazaliwa hapo, katikati ya vidole viwili vya mtoto. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, wangekwenda wote wanne hadi Misri, waone piramidi, na mahekalu, na yale makaburi ya wafalme yaliyochimbwa ndani ya mlima.

Basi ikawa kila Ijumaa ni kupanga. Bundi alitaka kuingia ndani ya piramidi mpaka chumba cha mfalme. Kiende hakutaka kuingia popote, alitaka ngamia, tena ngamia mpole, na alitaka kuambiwa mapema kama jangwani kuna choo. Nyaga alisema siku ya kwanza itakuwa ya kupumzika, maana mtoto aliyechoka haoni piramidi, anaona joto tu. Alimuuliza Kathure habari ya kofia, habari ya viatu, habari ya Kiende ambaye hutapika kwenye gari, je, kwenye ndege itakuwaje. Kathure alijibu sawa. Kofia, sawa. Ndege, sawa. Mpaka Ijumaa moja watoto walipokwenda kuoga, Nyaga akaikunja ile ramani polepole.

"Mama Bundi," akasema, "hiyo sawa ni yako, ama ni ya kunitoa mlangoni?"

Kathure akamtazama. Yale macho ya Nyaga yangemtetemesha mwanamke mwingine, na alilijua hilo. Yeye aliyaona tu, kama unavyoona moto kupitia dirisha la nyumba ya jirani. Unajua ni moto, unajua una joto, lakini wewe uko nje.

"Ni yangu," akasema. "Lakini kuna mtu hatuwezi kumruka. Mama yake Kinoti. Bundi ana jina la mzee wake."

Hilo halikuhitaji maelezo, maana hata Embu ni vivyo hivyo. Mtoto aliyepewa jina la babu ni mume wa nyanya yake, na mume wa mtu hatolewi nchini kimyakimya kama mbuzi wa mnada. Wakakubaliana waende Kangeta Jumamosi, wakaombe ruhusa ya safari. Ruhusa ya safari, basi. Neno la ndoa halikuwa limewahi kutamkwa kati yao. Nyaga aliogopa kulisema, na Kathure hakuwa na mahali pa kuliweka.

Walipofika Kangeta sokoni, Kathure aliingia dukani na watoto kununua sukari, mkate na majani chai. Nyaga akabaki kwenye gari lake, akakumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi. Kwao, anayekwenda kwa wazee na ombi hubeba asali. Huku aliona kila mtu anatafuna miraa, akasema moyoni, nitafuata adabu ya wenyeji. Akaenda kwa mama mmoja muuzaji, akamwambia anataka iliyo nzuri kuliko zote, anaipeleka kwa wazee, ana ombi.

Yule mama akamtazama kutoka viatu hadi kichwa. Akamuuliza kama katika hilo ombi kuna mwanamke. Nyaga akasema ndiyo, yuko, na watoto wake. Hapo yule mama akamwita mwenzake, wakachagua vijiti kimoja kimoja, wakavipanga, wakavifunga ndani ya majani mabichi ya mgomba, mafundo safi, kifurushi kikatoka kinene na kizuri kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Wakamwombea Mungu amfungulie njia. Nyaga alistaajabia wema wa watu wa Kangeta, akakiweka kifurushi kwenye buti ya gari. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini utaulizaje juu ya jambo ambalo hujui kwamba hulijui?

Nyumbani, Mukiri aliwapokea uani. Mukiri ndiye mama yake Kinoti, mwanamke mkavu wa maneno, mama wa kanisa la Methodisti. Alimsalimu Kathure kwa mkono, akamshika Kiende mashavu, kisha akamgeukia Bundi.

"Na wewe mume wangu, ulienda Embu kutafuta kazi ukapotelea huko?"

Bundi akaona haya. Watu wakaingia ndani. Kaberia, mcheshi ambaye mzaha wake una miiba, alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu baba yake. Ednah akaleta chai na mukimo wa viazi na mahindi. Walipokwisha kunawa, Nyaga akatoka nje, akarudi amebeba kile kifurushi kwa mikono miwili, akakiweka mezani mbele ya Kaberia, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima.

Ednah anasema alikuwa akimimina chai, na chai ikajaa kikombe ikaingia kwenye sahani.

Kwa Waigembe, watu wa huko, kifurushi cha namna hiyo kinaitwa ncoolo. Hakipelekwi kwa salamu. Mwanamume hukipeleka nyumbani kwa msichana kusema namtaka huyu, na kikifunguliwa, amepewa. Kathure aliyaona yale majani ya mgomba, akakijua kifurushi mara moja. Kinoti naye alikipeleka cha kwake, kwa baba yake Kathure, akiwa na wazee wawili. Alingoja moyo wake uruke au uanguke. Moyo ulikaa tu.

Kaberia akamuuliza Nyaga wazee wake wako wapi. Nyaga akajibu amekuja peke yake, hakuona sababu ya kusumbua watu. Kaberia akamuuliza basi ombi lake ni nini, alitaje mwenyewe.

"Ni Mama Bundi na hawa watoto," Nyaga akasema. "Nataka kwenda nao Misri mwezi wa kumi na mbili."

"Misri ya Farao?" Mukiri akauliza.

"Hiyo hiyo, mama. Tuone piramidi. Ziko mahali panaitwa Giza."

"Giza tunayo hapa shambani," Kaberia akasema, maana giza ni jina la aina moja ya miraa nzuri. Alicheka peke yake. "Watu wa Embu mmeendelea, bwana. Kuoa na kupanda ndege siku moja."

"Kuoa?" akasema Nyaga.

Mukiri akakionyesha kifurushi kwa kidevu, akamweleza ni nini, taratibu, bila kumcheka, kama unavyomwonyesha mtoto mahali moto ulipo. Kathure aliyaona masikio ya Nyaga yakiiva. Kaberia hakuwa mtu mbaya, akamfungulia njia ya kutokea. Akamwambia achukue kitu chake akirudishe kwenye gari, watasema ilikuwa ni zawadi ya kumtafunisha shemeji, na habari itaishia sebuleni.

"Sikujua," Nyaga akasema.

Mukiri akamkazia macho. "Hukujua, ama hutaki?"

Nyaga hakumtazama Mukiri wala Kaberia. Alimtazama Kathure, na aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye kanisani.

"Sikujua, mama. Lakini sasa nimejua, siwezi tena kuirudisha kwa gari."

Ednah anasema hapo hata yeye, aliyeolewa siku nyingi, aliiweka themosi chini. Kathure alikuwa akitazama mafundo ya ile kamba ya mgomba.

Mukiri akamwita Bundi, akamuuliza hiyo piramidi ni kitu gani hasa. Bundi akasimama wima kama shuleni, akasema kwa furaha kwamba piramidi ni kaburi, nyanya, kaburi kubwa kuliko yote, mfalme alizikwa ndani.

"Kumbe ni makaburi," Mukiri akasema. Akageuza kichwa kwa Kathure. "Mume wangu hajui kaburi la baba yake liko upande gani wa nyumba hii. Na mnampandisha ndege akaone la Farao."

Lilikuwa neno la kweli, na neno la kweli halina mahali pa kulishika.

Mukiri akaendelea kusema kwamba mambo ya safari na mambo ya ncoolo sasa yamefungwa kamba moja, naye hatayafungua kwa jino. Yeye hamtoi mume wake kwa mwanamume ambaye hajulikani ni nani kwake. Na ncoolo haifunguliwi na mama wala shemeji kabla mwenyewe hajasema.

"Mama Bundi, tuifungue?"

Kathure akafungua mdomo. Akatafuta ndiyo, akatafuta hapana. Hata ile sawa yake, ambayo siku zote ilijitokea yenyewe, haikuja. Mukiri akangoja, kisha akamkumbusha kwamba miraa si mahindi ya kuweka ghalani. Ya leo ni ya leo. Ikilala imefungwa, kesho ni chakula cha mbuzi, na mwanamume huyu atakuwa amejibiwa. Aseme kabla jua halijatua.

Mvua ikaanza. Mvua ya milima hii ya Nyambene inajulikana, haikuombi ruhusa. Barabara ikawa uji mwekundu, gari halingepanda kilima, ikawa lazima walale. Kathure akatoka akasimama barazani, mgongo ukutani. Nyaga akamfuata, akasimama mbali kidogo kwa sababu ya macho ya watu.

Akamwomba msamaha kwa kumwaibisha. Akasema angeuliza, angemuuliza yeye tu, yasingefika hapa. Kathure akamwacha amalize.

"Nyaga, usidhani nakukataa," akasema. "Ndani hamna kitu. Nakuona ulivyo mtu mwema, nakuona vile watoto wanakukimbilia. Naona tu. Sisikii. Mwanamke gani huyo wa kuoa?"

"Huyu ambaye nimembebea miraa."

"Nasema ukweli."

"Hata mimi. Sikuja kwako kwa sababu unacheka sana." Akayatazama maji yakidondoka kutoka kwenye mabati. "Kama utasikia baadaye, ni baadaye. Kama ni kuchechemea, tutachechemea hadi Misri."

"Na kama ni hivi siku zote?"

Nyaga akafikiri. Ednah, ambaye alikuwa nyuma ya dirisha na hasemi alikuwa akifanya nini pale, anasema alifikiri kwa muda mrefu kweli, si kama wanaume ambao jibu wanalo mfukoni.

"Nitaumia," akasema. "Lakini nitakuwa nimekaa mahali nilipotaka kukaa."

Akarudi ndani. Kathure akabaki, na hapo ndipo Mukiri alipotoka na kitambaa kichwani, akasimama upande wake mwingine. Hao wawili walikuwa hawajasimama pamoja tangu siku ya mazishi.

"Ulipoacha kuja," Mukiri akasema, akiitazama mvua, "mimi nilizika wawili. Sikukulaumu. Lakini nilizika wawili."

"Mama, nikisema ifunguliwe, Kinoti atakuwa amekufa."

"Amekufa, mwanangu." Aliyasema polepole, kama mtu anayemwaga maji ya moto na hataki yamrukie mwenzake. "Amekufa hata usipoifungua. Mimi mama yake ndiye nakuambia."

Mvua ikapungua, ikabaki manyunyu. Kathure akawaita watoto, akawashika mikono, wakazunguka nyuma ya nyumba, Mukiri mbele akiwaonyesha pa kukanyaga. Kaburi lilikuwa kando ya migomba, na lilikuwa safi. Mtu alikuwa akiling'olea magugu wakati wote huo, na Kathure hakuhitaji kuuliza ni nani. Kiende aliuliza kama baba hasikii baridi, Mukiri akamwambia hasikii. Bundi akalizunguka kaburi lote akilipima kwa miguu, kama alivyofundishwa na Nyaga. Akasema ni dogo. Akasema afadhali ni dogo, maana lile la Farao hata ukitaka kumwinamia hujui umwinamie upande gani. Kisha akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya safari, akaweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo.

Kathure hakulia. Nisingependa kukudanganya. Alisimama pale, akagundua viatu vyake vinaingiza maji, na vidole vya miguu vinamuuma kwa baridi, vinauma kweli kweli. Alikuwa hajui ni tangu lini vimekuwa vikiuma.

Akarudi ndani na miguu iliyolowa. Jua lilikuwa halijatua, ingawa kwa mawingu yale hakuna aliyeweza kuapa. Kaberia, Nyaga na Ednah walikuwa wameketi kama watu wanaongoja daktari, kifurushi mezani.

"Fungueni," Kathure akasema. Halafu, kwa kuwa wote walimtazama tu, akasema tena, "Nimesema mfungue. Mimi ndiye nasema."

Mukiri akakata kamba. Akasema mzee Bundi mkubwa hakuvuka hata mto Tana, basi aende huyu mdogo akamwonee dunia, na arudi amweleze yeye kila kitu kwa mpangilio, asianze na ngamia. Kuhusu Nyaga, alisema ncoolo iliyobebwa na mwenyewe ni ncoolo iliyovaa shati nyuma mbele. Arudi kwao, atafute wazee, waende kwa baba yake Kathure kama watu. Hii ya leo ni ya nyumba hii, kwa kuwa naye Kathure ni binti yake. Kwa hiyo Misri ni baada ya wazee. Nyaga akasema wazee atawapata hata kama ni kuwatoa kitandani.

Sasa ncoolo ikifunguliwa lazima itafunwe, na aliyeileta lazima atafune. Mukiri hakuigusa, yeye ni mama wa kanisa, lakini alisimamia. Nyaga hakuwa ametafuna hata kijiti kimoja maishani. Kaberia alimwonyesha jinsi ya kuambua ganda kwa meno, akamsukumia karanga, akamsukumia kijiti kingine, akimwita shemeji kila mara kama mtu anayelionja neno. Na miraa ya Kangeta haina huruma kwa mgeni. Watoto walilala, Mukiri akalala, Ednah akalala, hata Kaberia aliyezoea akalala kitini, na Nyaga macho yamesimama kama ya bundi, anawaeleza ukuta na taa jinsi mawe ya piramidi yalivyokokotwa. Kathure alimsikiliza kupitia mlango wa chumba mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi ya Jumapili watu wa nyumba walikwenda kanisani na watoto. Kathure alibaki kuosha vyombo. Alipoleta chai sebuleni alimkuta Nyaga bado yuko macho, amechakaa, nywele zimejaa majani, anamwambia kwa heshima kubwa kwamba anaona usingizi unakuja sasa, uko pale barabarani. Alipokea kikombe. Hakukifikisha mdomoni. Kathure alikidaka kabla hakijamwagika, na kichwa cha Nyaga kikaangukia nyuma kwenye kiti, mdomo wazi, kimya.

Kimya kabisa. Kathure akasimama na kikombe mkononi. Kinoti naye alikuwa amelala tu. Alikuwa amelala hivyo hivyo asubuhi ile ya mwisho, mdomo wazi, na Kathure akamwita mara ya kwanza kwa utani.

Hofu ikamshika. Ilikuwa hofu ambayo alikuwa hajaisikia siku hizo zote, maana nyumba iliyokwisha kuibiwa haifungwi mlango. Akaweka kikombe chini, akapiga magoti mbele ya kiti, akaleta sikio lake karibu na midomo ya yule mtu wa Manyatta. Pumzi ilikuwepo. Ilikuwa ya moto na ilinuka miraa. Hakuondoka. Akaingoja nyingine, ikaja, akaingoja iliyofuata, machozi yakimdondokea Nyaga kwenye kola ya shati, naye Nyaga hakusikia hata moja, alikuwa amekwisha kulala.